Meno Meupe ya Ciru

Jumanne, 3 Juni 2025

Ciru ametoka shule na nusu chapati kwa mkebe. Huyu mtoto hurudisha ndengu, hurudisha mchele, lakini chapati hajawahi kurudisha tangu azaliwe. Nimemuuliza, akasema alishiba. Baadaye nikamwona anatafunia upande mmoja tu.

Nikamwambia afungue mdomo. Nyuma kabisa, chini, kushoto — doa jeusi. Dogo kama kichwa cha pini. Nimelisugua na kitambaa, halitoki.

Ni maji. Yamemfikia. Sijui yamepitia wapi, na vile nimemchunga.

Mimi hayo maji nayajua. Nimezaliwa hapa Congo, hii ya Kawangware, kwa ploti ya baba, na mtaa mzima ulijua borehole yetu, kisima cha mashine, haikauki. Tulikunywa, tukaringa nayo. Meno yetu sisi watoto wanne yakaota rangi ya majani ya chai. Shuleni waliniita Kutu. Mpaka leo nikicheka nafunika mdomo, na nikimpima mteja nguo nashikilia pini kwa midomo hata kama sizihitaji, ndio nisiongee sana.

Nikiwa darasa la saba alikuja daktari shuleni, akasema ni floraidi, imezidi kwa maji. Hilo neno sikulisahau. Ciru alipozaliwa niliapa. Maji ya kununua peke yake. Dawa ya meno ya mwarobaini, isiyo na hiyo kitu. Miaka nane. Meno yake ni meupe mpaka watu huniuliza amerithi ya nani. Sasa hili doa.

Jumatano, 4 Juni

Nimeenda shule kabla sijafungua duka. Mwalimu wake, Nasambu, amenionyesha tangi. Nikauliza maji yanatoka wapi. Borehole! Anasema watoto wote wanakunywa na hakuna mzazi ameleta maneno. Nimemwambia basi mimi ndio nimeleta.

Ciru nimemkanya asiguse huo mfereji tena. Akauliza, na nikisikia kiu? Nimemjazia chupa kubwa ya juisi, ile ya kuchanganya na sukari, badala ya ile ndogo ya kila siku. Anywe pole pole mpaka saa tisa. Amefurahi sana.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Ciru amekunywa juisi imetoka kwa friji ya jirani, akapiga nduru nikadhani amekanyaga msumari. Ameshika shavu mpaka akalala na nguo za shule.

Seline ameona. Seline ndiye tunashona naye, mashine yangu na yake zimepakana, na hutembea kutoka kijiji cha Raila, kule Kibera, kila asubuhi. Amemulika na tochi ya simu. Halafu akaniambia hii si maji, hii ni shimo. Meno ya maji hayaumi. Akaniuliza, yako yamewahi kukuuma?

Nimefikiria siku yote. Hayajawahi.

Jumamosi, 7 Juni

Mama yangu amekuja na uzi. Yeye hana wasiwasi hata. Anasema mtoto wa miaka nane, hilo ni la maziwa, tulifunge tulivute na Jumatatu aende shule. Litaota lingine.

Kwanza nilifurahi, siwezi kudanganya kitabu changu mwenyewe. La maziwa! Nimeanza kuhesabu vile lile jipya litakuwa safi, na vile nitalilinda. Nikashika kichwa cha Ciru, Mama akafunga uzi. Akavuta. Jino halikutikisika hata kidogo. Akavuta tena, Ciru akalia kwa sauti sijawahi kusikia, na mimi bado nimeshika kichwa.

Seline akaingia kuchukua mkasi wake. Akasema, Mama Ciru, jino la maziwa hulegea kwanza. Hili mbona limesimama hivi? Kuna kliniki ya meno karibu na kwao, tungoje Jumatatu. Mama amekasirika, ameenda na uzi wake. Nimeweka karafuu kwa hilo shimo. Ciru haniangalii.

Jumatatu, 9 Juni

Tumeenda Kibera na miguu, Ciru katikati, mimi na Seline tumemshika mikono.

Daktari anaitwa Ndeti, mwanamke mdogo, anaongea pole pole. Ameangalia, akaniuliza kama najua hili ni jino gani. Nikasema la maziwa. Akatikisa kichwa. Hili ni gego la kudumu. Anasema huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya yale ya maziwa, bila lingine kutoka, ndio wazazi wengi hawajui hata limefika. Likitolewa hakuna lingine linakuja. Maisha yake yote.

Na Jumamosi nilikuwa nimeshika kichwa.

Akauliza anapiga mswaki na nini. Nimemwambia kwa fahari, wacha niseme ukweli, kwa fahari kabisa: mwarobaini, haina floraidi, na maji ya kununua. Anakunywa nini shuleni? Juisi. Tangu lini? Tangu nursery.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema floraidi ikizidi meno yakiwa bado yanaundwa, yanabadilika rangi. Ikiwa kidogo, inakaza jino lisitobolewe. Mimi nilipata nyingi, Ciru hakupata karibu kitu, na juu yake nikamwekea sukari ya kufyonza mchana mzima. Tangi la shule yeye hajui liko vipi, lipimwe, lakini hilo shimo halikuletwa na tangi.

Turudi Alhamisi. Atajaribu kuliokoa. Kama uozo umeshuka mpaka kwa mizizi, litatoka.

Jumanne, 10 Juni

Juisi nimemwaga. Chupa pia nimetupa.

Nimenunua dawa yenye floraidi. Dukani nimesoma boksi mara tatu kama mtu anasaini hati ya shamba. Daktari alisema kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa siku, ateme asimeze. Nimeweka nusu ya njegere. Nikaongeza. Nikaipima tena kwa jicho, na mimi ni mtu wa kutia uzi kwa sindano gizani.

Ciru akauliza, na hii itafanya meno yangu yakae kama yako? Nikasema hapana. Akasema sawa, lakini amepiga mswaki amefunga macho.

Seline alipoleta stori ya mteja mmoja wa suruali, Ciru akacheka. Amefunika mdomo. Mkono wa kushoto, vidole vimekazwa. Huo ni mkono wangu. Sijui ameanza lini.

Alhamisi, 12 Juni

Kliniki. Naandikia magotini.

Ciru alikaa kwa kiti akakataa kufungua mdomo. Daktari amembembeleza, amempa kioo ashike, wapi. Mkono juu ya mdomo. Mwishowe akasema kupitia vidole: Mum aanze.

Mimi? Mlango wazi, benchi imejaa watu, Seline pia yuko. Nikasema mimi siumwi. Ciru akashuka, akaniachia kiti.

Nimekaa, nikafungua. Taa ikanipiga usoni, na nikangoja kile watu husema. Daktari alipitia juu, akapitia chini, moja moja, na kale kachuma kake. Akarudia nyuma. Halafu akasema rangi ni rangi tu, mama, lakini shimo hakuna hata moja. Yote mazima.

Nimeaibika nayo miaka thelathini na nne. Nimelia mdomo ukiwa wazi, na kulia hivyo ni kazi.

Ciru akauliza, ya Mum ni mazima? Akaambiwa ndiyo. Akatoa mkono, akafungua.

Amedungwa ganzi. Niko kwa benchi karibu na mlango, nasikia mashine inachimba. Daktari alisema akifika ndani akute nyama bado iko hai, ataziba shimo na jino litabaki. Akikuta pameoza, atakuja hapa kuniambia.

Mashine imenyamaza. Daktari ameinama. Sasa ameweka chini kile alichoshika, ameuliza nesi kitu sijasikia.

Ciru ameinua mkono wa kushoto. Hafuniki mdomo. Anaupapasa hewani, ananitafuta, na daktari amegeuka upande wangu. Naweka kalamu, naenda kuushika.