Balungi Nililomkamulia Namsifu

Baba, shikamoo. Najua unasoma umesimama. Kaa kwanza, hakuna msiba. Bibi kifua kimeachia? Tangawizi mmeshapalilia? Mama mzima, ila mgongo unamuuma kwa kulalia kiti. Namsifu leo amekula makande ya hospitali, akasema waliopika si Wapare.

Sasa niungame. Kwenye simu ningenyamaza tu, unanijua.

Tangu waone saratani ya damu ya mdogo wangu Namsifu ina ile kasoro ya vinasaba, pamoja na dripu anameza vidonge kila siku. Daktari alinieleza: dripu inapiga chembe mbovu na nzima pamoja, lakini kidonge kinaitafuta kasoro yenyewe na kuizima. Baba, nilistaajabu! Ni kama kupalilia tangawizi kwa vidole, gugu litoke na mche ubaki.

Karatasi ya dawa ni ya Kiingereza, Mama akanikabidhi mimi, "msomi" wake. Imeandikwa asile *grapefruit*. Nikajisemea, *grape* ni zabibu, *fruit* ni tunda, basi. Nikaona aibu kuuliza. Nikamnyima zabibu hata alipolia. Mzigo wako wa matunda ulipofika na basi la Same, nikamkamulia mabalungi siku nne. Akaanza kutapika, macho yakavimba.

Daktari akaona maganda. "Haya ya nani?"

"Ya kwetu mlimani!" Mama akajibu kwa fahari.

Daktari akagusa neno *grapefruit* kwenye karatasi, kisha akagusa ganda la balungi. Hapo nikaelewa. Nikasema, "Ni mimi. Nilidhani ni zabibu."

Akavuta kiti. "Balungi linafanya dawa irundikane mwilini. Wewe umekosea neno. Mimi nimekosea kukupa karatasi bila kukuuliza umeelewa nini."

Baba, sijawahi kuona mtu mzima akichukua nusu ya kosa langu.

Wakampima damu. Siku mbili sikula. Majibu yametoka: ini halijaumia, uvimbe unashuka, vidonge vinaendelea. Namsifu ananicheka, "Msomi, zabibu zangu ziko wapi?"

Usimlaumu Mama, wala mzigo wako. Siku hizi nauliza kila kitu. Jana niliuliza hata lile ninaloliogopa kuliko yote: atapona?

Daktari akasema, "Sijui bado. Ila dawa inafanya kazi, na tuna sababu ya kutumaini."

Nimemwamini, Baba, kwa sababu alianza na sijui.

Mpe bibi pole ya kifua. Msalimie mama mdogo Eline anayetukamulia ng'ombe, na mjomba Elifuraha wa kwaya, waendelee kutuombea.

Ni mimi binti yako mwenye aibu,
Nakiete