Telegramu ya Petro Bukuru

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo. Huu ni mwezi wa pili tangu tukuzike Bugarama, na mimi bado nina neno ambalo ningekuambia ukiwa hai kama ningekuwa na moyo wa mtu na si wa kuku. Ulifukuzwa kazi kwa kosa langu. Ulijua, nilijua, na miaka yote tulikula ndizi na maharage sahani moja bila kulitaja.

Uliponipeleka posta ya Ngara, karani wa majaribio ambaye hata mhuri aliushika kinyume, hukuniuliza kama nimepata pa kulala. Uliuliza nitathibitishwa lini kazini ili unijazie fomu ya chama cha wafanyakazi. Wewe na chama! Wenzako walikutania kwamba hata kuku wako wana mwenyekiti. Ulikuwa tarishi, tena katibu wa tawi, na mikutano yenu mliifanyia stoo, wanachama wamekalia mifuko ya barua. Mlibishana juu ya makoti ya mvua na matairi ya baiskeli mpaka mkuu wa posta akagonga ukuta.

Kisha vita vikaja, na hakuna aliyetaja makoti tena. Vijana walikwenda mbele, na telegramu za msiba zikaanza kuingia. Nyingine zilitumwa na askari wenzao, maneno machache tu, hata jina la marehemu halimo. Ndipo ulipoleta ile kanuni, na wanachama wote wakanyoosha mikono: telegramu ya msiba iende na watu wawili, na isifunguliwe kabla wenye nyumba hawajaulizwa kama wanamfahamu aliyeituma. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimekusanya watu wa vilima vitatu mahali pamoja, na kwetu kila pacha wa kwanza ni Bukuru.

"Jina halitoshi," ulisema. "Ulizeni kwanza kama wanamjua mtumaji. Msiba haurudishwi kama barua."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, Baba mdogo, nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu sikuwa na kadi ya chama.

Ile iliyokuja kwa Petro Bukuru naikumbuka kila herufi: Mwanao ametutoka. Barua inafuata. Masanja. Ulisaini kitabu cha kupokelea, tukapanda baiskeli. Pale mwanzo wa kijiji balozi wa nyumba kumi akakusimamisha, analalamikia kifurushi chake kilichopotea. Ukaniambia, "Nisubiri hapo hapo."

Sikusubiri. Mke wa Petro Bukuru, mama Yustina, alikuwa ameuona mfuko wa posta, akaja mbio kutoka shambani, majani ya maharage bado mkononi.

"Ni ya kwetu?"

Macho yake yalinitisha. Nilitaka jambo liishe tu, nimwachie yeye maneno yale nibaki bila. Nikasema, "Ego, mama, ni yenu," nikaifungua, nikamsomea.

Ulipofika, kilio kilikuwa kimeshafika kwa jirani wa tatu. Ukanivuta pembeni. "Uliuliza mtumaji?" Nikatikisa kichwa kukubali. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwako, na ulikuwa mkubwa kuliko wote uliofuata.

Matanga yale yalikaa siku saba. Upande wa chini wa kijiji alikaa Petro Bukuru mwingine, ambaye mtoto wake naye alikuwa vitani. Mkewe, mama Anastazia, ndiye aliyebeba kuni na maji kwa waombolezaji, ndiye aliyemshika mama Yustina asijitupe chini. Tulimwona wote. Tukasema ana utu.

Siku ya nane, nikichambua barua kaunta, nikakuta ya yule mtoto wa mama Yustina, mwandiko wake mwenyewe, yuko salama, anaomba sabuni. Baba yake aliishika kwa mikono miwili. "Mwanangu," aliniambia, "hii balua imeandikwa na maiti?"

Tulikwenda wawili kwa mama Anastazia. Safari hii uliuliza wewe. "Mama, mnamfahamu Masanja?" Akatabasamu. "Masanja? Ndiye rafiki wa mwanangu, humtaja kila barua." Tabasamu lile liliondoka usoni mwake polepole, tukilitazama.

Mkuu wa posta alisema lazima mtu aondoke. Kikao kilifanyika palepale stoo. Mimi nilikuwa wa majaribio, tawi halikuwa na uwezo wa kunisemea. Ningeondoka siku hiyohiyo. Ukasimama. "Telegramu nilikabidhiwa mimi. Binti alinisindikiza tu." Ulidhani kadi yako itakukinga. Wenzako walikupigania siku mbili, lakini mkuu akashikilia kwamba katibu aliyetunga kanuni na kuivunja ana kosa mara mbili. Ukarudisha baiskeli. Nililia pale kaunta, ukaniambia, "Usilie hapa. Watu wanasubiri stempu."

Nakukasirikia kwa hilo, nisikufiche. Ulinipa kazi mara mbili, na mara ya pili hukuniuliza kama naitaka kwa bei hiyo. Lakini mdomo nilikuwa nao. Nilithibitishwa, nikapata kadi, mwisho wanachama wakanichagua katibu. Na unajua nimekuwa nikiwafundishaje makarani wapya kanuni ile? Kwa jina lako. "Msifanye kama yule mzee ambaye hakuuliza." Nimeyasema hayo, mbele ya watu, kisha Jumapili nikaja kwako kukuletea sukari.

Mama Anastazia alikuja kwenye matanga yako. Nilimweleza yote nyuma ya jiko, kwa sababu sikuweza tena kuyaficha. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwanangu alililiwa siku saba. Nami nililia, sikujua tu kwamba ni wangu." Kisha akauliza, "Na kule kazini kwenu wanajua?"

Wiki iliyopita niliitisha mkutano wa tawi. Nikasimama, nikasema ni mimi. Mzee Sebastiani, mweka hazina wetu tangu enzi zako, akasema bila hata kuinua macho, "Kaa chini, katibu. Sisi wa zamani tulijua. Yeye mwenyewe alituomba tusikuulize."

Kumbe mlinibeba wote, na mimi nilidhani najificha! Vijana waliniangalia kama mtu aliyeingia bila nguo. Sebastiani akataka tuendelee na ajenda ya matairi. Nikakataa. Nikasema sikai mpaka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na nakala iende kwa mkuu wa posta wa mkoa. Wakabishana, wengine wakaniambia nitajimaliza. Mwishowe Sebastiani akachukua kalamu, akaandika, akanisomea.

Jibu la mkuu huyo halijafika kutoka mkoani. Kila mfuko unapofunguliwa asubuhi, natafuta bahasha yake kwanza. Ikiwa ni ya kunifukuza, nitarudisha funguo na kutoka kwa mlango wa mbele. Lakini jana karani mpya alipata telegramu ya msiba ya kwenda Nyakisasa, nikamwambia aulize mtumaji kwanza. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Kwa sababu mimi sikuuliza."

Pumzika, Baba mdogo.

Binti wa kaka yako,
Skolastika