Kimya cha Mbarara

Furaha mdogo wangu,

Muko aje huko kambini Nakivale, wewe na watoto? Tangu nifike Mbarara nimekula matoke hadi nimechoka, na jana nikapimwa kichwa bila kuumwa. Munganga mmoja, daktari wa chuo kikuu, anataka kujua mtu anayeshtushwa na kelele ni wa tabia gani, na ubongo wake unajibu nini. Alinivalisha kofia ya nyaya, nikafanana na redio iliyopelekwa kwa fundi.

Akapiga honi masikioni mwangu. Nikaitikia "Amina!" kwa nguvu. Si unajua, kwetu kelele yote kubwa inatoka kwenye spika ya mchungaji, na mdomo umeshazoea.

"Mama, hii kelele hapana sumbua wewe?"

Nikamwambia ninalala katikati ya kanisa na mashine ya kusaga. Akafurahi, akaandika kwamba mimi ni mtu mtulivu.

Kisha akazima kila kitu ili ubongo upumzike. Hapo mistari kwenye kioo cha mashine yake ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Akakagua nyaya, akidhani zimelegea. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba kule Kivu, kijiji kikinyamaza hivyo, ulikuwa unabeba mtoto na kukimbia. Akafuta "mtulivu", akaandika "mwoga", akanipa soda.

Basi ule mpango wetu wa kuhamisha nyumba mbali na kanisa, tuuache. Mungu awalinde, unikumbatilie watoto, na umwambie mchungaji aongeze sauti.

Yaya wako, dada yako mkubwa anayekupenda,
Mama Neema