Mikono ya Bibi Nyanzala

Doto, acha unachofanya usome hii. Mama ametusimulia sasa hivi na bado siamini.

Mwaka tisini na sita, Bibi Nyanzala aliponea chupuchupu kutenganishwa na Babu Makoye. Sababu ni mikono.

Mikono tu, Doto. Miaka arobaini ya kulima juani kule Mwamkulu ilikuwa imeifanya ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Akigusa mlango, damu inavilia, doa la zambarau linakaa wiki mbili.

Kaka yake, Abednego, akaja kumsalimia, akayaona madoa. Hakuuliza. Akaita wazee. "Shemeji anampiga dada yangu. Leo naondoka naye."

Babu Makoye, yule anayeomba radhi hata kwa mbuzi.

Bibi ndiye aliyejibu. "Huyu anipige mimi? Jogoo wa hapa anamkimbiza. Ni jua, kaka, na uzee."

Abednego akasema dada yake anamkingia mume kifua. Akaukamata mkono wa Bibi, akauinua juu wazee waone ushahidi.

Alipouachia, wazee hawajamaliza hata kunong'ona, vidole vinne vya Abednego vikajitokeza kwenye ngozi ya Bibi. Vinne, Doto. Vya zambarau.

Bibi akautazama mkono. "Sasa wazee, na huyu mtamshtaki kwa nani?"

Kesi ikafa hapo hapo. Babu kwa furaha akanyoosha mkono amshike mkewe waingie ndani, Bibi akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba Kabula, kaa huko huko. Usiniguse mpaka Abednego aondoke."