Wingu la Mlima Qingwu

Mlima Qingwu, Sichuan
2 Juni 1931

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wewe na Mama mkiwa wazima, na kifua chako kimetulia. Mimi sijambo, ila miguu imechubuka.

Najua mmenitafuta Suzhou nzima. Sikuibwa wala sikurubuniwa. Nimeondoka na Qiao Heng, yule kijana anayepanga herufi katika kiwanda cha chapa cha gazeti lako. Usimtukane kabla hujamaliza kusoma. Kila sura ya hadithi yako hupita vidoleni mwake kabla Uchina nzima haijaiona, naye alikuwa akija kunisimulia ng'ambo ya ukuta wa ua wetu. Tangu itoke ile sinema ya hadithi hiyo, tulipoona watu wazima wakifukiza ubani mbele ya pazia, hatukupata usingizi. Tukakubaliana tuje kumtafuta Bwana Ukungu wa hadithi yako, tuwe wanafunzi wake.

Baba, tumempata. Yuko vilevile ulivyomwandika. Nyusi nyeupe, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Jabali lipo, na wingu chini yake lipo. Wanafunzi tuko kumi na wawili. Mbona hukuniambia kwamba ni kweli?

Mwambie Mama asilie.

Bintiyo,
Ruozhu


Suzhou
27 Juni 1931

Mwanangu Ruozhu,

Salamu nyingi. Kifua changu kilikuwa kimetulia mpaka barua yako ilipobisha hodi. Mama yako hagusi chakula, anakaa mlangoni na kumwuliza kila mpita njia.

Nilipoisoma nilicheka, kisha nikajikuta nimekaa sakafuni. Nisikilize. Mimi Sichuan siijui. Sijawahi kupita Nanjing, na huko Nanjing nilikwenda kung'oa jino. Jina la Qingwu nililiona kwenye karatasi ya majani ya chai. Nyusi zile ni za babu yako. Kidole kile nilimkata kwa sababu sura ilikuwa fupi na mhariri alitaka mistari zaidi. Bwana Ukungu nimemzaa mimi, mezani pangu, huku mama yako akinipigia kelele kwamba wali unapoa.

Huyo mliye naye amesoma gazeti kama mlivyosoma ninyi. Nyusi mtu hupaka chokaa. Lakini kama kidole amekikata mwenyewe ili afanane na maandishi yangu, basi mwanangu, huyo si tapeli wa kawaida, na mimi namwogopa.

Rudini. Heng namjua, ana adabu na hakosei herufi. Nitawaozesha, sitatia neno. Yaliyopita si ndwele.

Baba yako


Mlima Qingwu
19 Julai 1931

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai Mama ameanza kula. Mimi sijambo, nguvu tu ndizo kidogo, maana tunakunywa uji mara moja kwa siku.

Barua yako aliifungua Bwana mwenyewe akaisoma mbele ya wote. Niliona haya, nikadhani atanifukuza. Hakukasirika. Alituuliza, "Katika hadithi, wanaomjua Bwana huapa nini?" Tukajibu kwa pamoja kwamba huapa kumkana mpaka kufa. Akasema, "Basi mnaona wenyewe. Baba yake huyu ni mtu wa kiapo." Tangu siku hiyo wenzangu wananiita mtoto wa Mwandishi, na wananipisha njiani.

Heng ameruka kutoka jabalini. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Alinishika mkono, akauachia, akaenda, kama yule mpiga panga wa hadithi yako. Hakupiga kelele. Bwana anasema wingu limempokea, yuko katika pango la chini anafundishwa, na hataonekana mpaka ampendaye amfuate. Si ndivyo ulivyoandika? Msichana humfuata mpenzi wake, wingu likawapokea wote wawili.

Namkosa sana, Baba. Usiku naona kama ananiita, kwamba namchelewesha. Bwana anasema nisiwe na haraka, siku yangu ataitaja yeye.

Bintiyo,
Ruozhu


Hankou
22 Agosti 1931

Mwanangu,

Natumai u hai. Barua yako ilipofika niliondoka siku ileile. Sasa nimekwama Hankou. Mto umefurika, watu wanapita mitaani kwa mitumbwi, na meli za kupanda juu zimesimama. Kifua kinabana, lakini hilo si kitu.

Heng amekufa. Naliandika bila kulizungusha, kwa sababu kuzungusha maneno ndiko kulikotufikisha hapa. Amekufa tangu Jumatano ile. Wingu ni mvuke wa maji, Ruozhu. Niliandika kwamba linapokea watu kwa kuwa nilikuwa nimewafikisha wale wapenzi ukingoni na sikujua niwatoe vipi, nami sikuwa na moyo wa kuwaua. Hakuna sababu nyingine yoyote.

Najua mimi huniamini. Unaliamini gazeti. Basi kabla sijaondoka nilimpa mhariri sura mpya. Bwana Ukungu anaruka kutoka jabali lake mwenyewe, Sikukuu ya Tisa ya Mwezi wa Tisa wa kalenda ya zamani, Oktoba hii, watu wanapopanda milima, na wingu halimpokei. Wakata kuni wanaikuta maiti yake chini. Nimeeleza mfupa mmoja mmoja. Isome mbele ya wenzako, kisha teremkeni.

Nijibu kwa posta ya Yichang, nitaipitia. Nakusihi usisogee ukingoni.

Baba yako


Mlima Qingwu
12 Septemba 1931

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa safari. Natumai maji yamepungua huko uliko.

Barua yako ilifika kwanza, na gazeti kesho yake. Tulikusanyika, Bwana akaisoma sura mpaka mwisho, akalikunja gazeti. Kisha akasema, "Mwandishi amenipa siku yangu." Mmoja wetu akauliza, "Na sisi je, Bwana?" Akamjibu, "Mtoto gani humwacha baba yake asafiri peke yake?" Kwa hiyo Sikukuu ya Tisa tutaruka sote. Sisi tutatangulia, yeye atakuwa wa mwisho.

Uliniambia kuna maiti. Hakuna maiti, Baba. Nimelishika gazeti kwa mikono yangu nikalisoma. Sura inaishia hivi: "Wingu likafunguka, likafunga." Basi. Kwa nini unanidanganya?

Nakiri kwamba barua yako ilinitikisa. Usiku ule nilimlilia Heng kama anavyoliliwa marehemu, nikafunga kifurushi changu nije. Gazeti lilipofika nikakifungua. Sasa moyo umetulia. Wamesema nitangulie mbele ya wote, maana mimi ni mtoto wako.

Bintiyo,
Ruozhu


Chini ya Mlima Qingwu
18 Oktoba 1931

Mwanangu Ruozhu,

Natumai u mzima. Leo sina swali jingine.

Maiti niliiandika. Mhariri ameikata, kwa kuwa Bwana akifa kabisa gazeti halitauzika. Alitaka mlango ubaki wazi ili aweze kumrudisha. Namjua, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi.

Nimefika juzi. Nimeomba kukuona, wamekataa. Jana nilishuka korongoni pamoja na mkata kuni mmoja kumtafuta Heng, nikuletee japo kipande cha shati lake. Mafuriko yamefagia kila kitu, hata mawe yamehama. Sina cha kukuonyesha.

Basi nimekwenda kwenye lango la hekalu lenu, nikawaambia wenzako kwamba mimi ndiye Mwandishi na nataka kutangulia. Wakapiga magoti. Bwana wenu alisita. Nilimtazama machoni, na nakuapia, huyo anajua vizuri kilichoko chini. Lakini mbele yao hakuweza kunikatalia. Ametaka niende alfajiri ya kesho, siku ya Sikukuu, kabla wewe hujaletwa. Nimekubali kwa sharti kwamba barua hii upewe ukingoni bila kufunguliwa.

Pango lipo au halipo. Kama lipo, nitafika, na nikifika nitakuita kwa jina lako la utotoni, lile la nyumbani ambalo sijapata kuliandika popote. Mama yako ni shahidi kwamba sauti yangu husikika mtaa wa tatu. Simama, usikilize. Ukinisikia, ruka, na utakuwa umenishinda. Usiponisikia, teremka kwa miguu yako uende kwa mama yako.

Naogopa, mwanangu. Mashujaa nimewaandika tu, mimi si mmoja wao. Nimejaribu kutafuta njia nyingine usiku kucha, nikaikosa.

Baba yako


Suzhou
6 Desemba 1931

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali vipi.

Leo ni siku ya arobaini na tisa tangu ututoke. Barua hii tutaichoma pamoja na mavazi ya karatasi, ikufikie. Mama hajambo kidogo. Amekuwekea na kalamu, ingawa nilimkataza.

Nilisikiliza. Ukungu ulikuwa mzito, nikasimama pale mpaka jua likapanda. Nikakuita mimi, nikasikiliza tena. Bwana akaja nyuma yangu akasema, "Amefika. Nimemsikia akikuita."

Nikamwuliza, "Ameniita kwa jina gani?"

"Amekuita Ruozhu."

Nikageuka, nikaanza kuteremka. Watano walinifuata. Mmoja wao alikuwa akilia njia nzima na kuniuliza kama tumekosea. Waliobaki sijui habari zao. Askari walipopanda walikuta hekalu tupu na jiko bado lina moto. Yeye hawakumwona, juu wala chini.

Mhariri alikuja kutupa pole. Alikunywa chai, akasema jina lako lina wapenzi wengi, akaniomba niendeleze hadithi. Nikamwambia nitaiendeleza kwa mstari alioukata. Akacheka kwa adabu, akaaga. Amempata mwingine. Juzi Bwana Ukungu amefufuka gazetini. Ana mlima mpya, kusini, nao wameutaja kwa jina.

Jana jioni binti wa jirani alikuja kuniuliza kama meli hufika huko. Nilimketisha, nikamsimulia yote, Heng, na wewe, na nilivyosimama pale. Sikumficha kitu. Alilia sana, akanishika mikono, akaniambia pole dada.

Asubuhi hii mama yake amekuja kwetu kumtafuta.

Bintiyo,
Ruozhu