Mlango wa Mama Ulivyojaribiwa Diani

Dada Mwanajuma, shikamoo.

Mvua ya Diani haikatiki, hata mahamri yanaota ukungu. Leo karakanani tulijaribu kama mwizi anaweza kuvunja mlango wa chuma, wa aina ile niliyomwekea mama baada ya kuibiwa. Fundi Bakari alishika mtaimbo, akaita, "Hodi!" Mwenye karakana akajibu, "Karibu, mwizi mwenye adabu!" Tukacheka. Chai yangu ilikuwa haijapoa bawaba zilipong'oka. Kitasa kilibaki kimefungwa.

Kwa simu mama angesikia, ndiyo maana naandika. Hamishia kitanda chake chumbani kwako, umwambie wewe ndiye unayeogopa kulala peke yako. Mungu awahifadhi mpaka nije na bawaba nzito.

Mdogo wako akupendaye,
Salim