Gari Linalopona Likifika Gereji

Fleti 4, 17 Bellbird Street,
Auburn, Sydney,
Australia.

Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa kakangu Aloys,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya Julai. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umekubali tena kulala chini ya malori bila kelele. Wifi Peninah anaendeleaje na presha? Na Mama, bado anaficha mkongojo wageni wakija? Mimi ni mzima wa mwili, nakula, usingizi ndio wa kuwinda. Jacky, yule binti wa Nakuru ninayeishi naye, pia ni mzima na anakusalimu sana.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Simu nimejaribu, Kaka. Kila nikikupigia tunaulizana mvua, tunaulizana mahindi, halafu unaniuliza kuhusu gari, nami nacheka nasema linasumbua kidogo, na mara bando limeisha. Hapa nitasema yote, na ukitaka kunigombeza itabidi usubiri.

Gari lenyewe unalijua kwa picha, lile jeupe nililosimama mbele yake nikichekelea kama bibi harusi. Tangu Februari giaboksi yake ina wazimu. Naweka gia, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halisogei. Nahesabu kumi, nahesabu mia, siku moja nilifika mia nne. Halafu linashika kwa kishindo mpaka meno yanagongana, na kuanzia hapo linakwenda vizuri kana kwamba halijanifanyia kitu. Linaweza kukaa wiki mbili bila kosa lolote. Nikianza tu kulisahau, basi.

Mwezi wa tatu lilikufa nguvu katikati ya barabara kuu. Nyuma yangu kulikuwa na lori la kontena limetoka bandarini Port Botany, linapiga honi mpaka nikaisikia kwenye mbavu. Niliingia pembeni kwa mwendo uliokuwa umebaki na maombi yaliyokuwa yamebaki. Nilikaa hapo nusu saa. Nilipowasha tena, likaondoka kama kawaida. Nililitukana Kiluhya chote ninachokijua.

Sasa, kwa nini nalilia gari kama mtu? Kwa sababu kazi yangu ni kwenda majumbani kwa wazee. Asubuhi naanzia Seven Hills, halafu wengine watatu, kila mmoja mtaa wake, mbali na stesheni. Kazi hii haifanyiki kwa treni, na ofisi haimwajiri mtu asiye na gari. Wa kwanza wangu alikuwa Mama Valmai, mwenye miaka themanini na tisa. Wenzangu humwita Valmai tu, mimi ulimi ulikataa. Anaishi peke yake na miguu haimbebi. Saa kumi na mbili na nusu namwamsha, namnyanyua, namwosha, namwekea chai yenye majani ya watu wawili. Asipopata mtu asubuhi, anabaki kitandani akitazama dari. Mwanawe wa kiume yuko mbali na anataka kumpeleka kwenye makao ya wazee. Yeye hataki kabisa. Tulikuwa na mapatano, mimi na yeye, kwamba mradi naja, haendi popote.

Gari nimelipeleka kwenye yadi nilikolinunua, wana gereji yao hapo hapo. Nimelipeleka mara tatu, Kaka. Wanachomeka kompyuta chini ya usukani, kompyuta inasema hakuna kosa. Wanaliendesha kuzunguka mtaa, linateleza kama siagi. Mara ya pili walikaa nalo siku nne. Lilipona siku zote nne. Nilipolichukua lilinikatalia kwenye taa za kwanza tu, nikiwa bado naiona bendera ya yadi kwenye kioo. Ukirudi kuwaambia, wanakutazama kwa ile huruma ya kumtazama mtu anayesikia sauti.

Ushauri wako nimeufuata wote. Uliniambia niangalie oili ya giaboksi. Magari ya siku hizi hayana hata kijiti cha kupimia, imefungwa kama kaburi. Uliniambia nirekodi sauti yake nikutumie. Wiki mbili nimeweka simu mbele ya usukani, na nilichorekodi ni mimi naimba pambio na mimi nalia. Siku simu ilipozima chaji, ndiyo siku gari lilipokataa. Haki ya Mungu, lilikuwa linajua.

Hata kanisani tulilipeleka. Usicheke. Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti, akina mama wakalizunguka wakaomba kwa sauti, Wahindi wa nyumba ya pili wakafungua madirisha. Siku kumi na saba halikukosea. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda, nikapigiwa makofi. Jumatatu likanikatalia hapo hapo kwenye maegesho ya nyumbani. Sijarudi kumwambia mtu. Wanaponiuliza nasema Bwana ni mwema, na kweli ni mwema, lakini gari ni bovu.

Nilichelewa kwa Mama Valmai mara ya kwanza, akanisamehe. Mara ya pili msimamizi wetu akaniandikia. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na nne ya Juni. Gari lilisimama kwenye kilima kidogo na likakataa kabisa. Nikapiga simu ofisini watume mtu mwingine, nikawekewa muziki, muziki, muziki. Nilifika saa mbili kasoro robo. Nilimkuta sakafuni, ndara moja mguuni, amejivutia shuka mpaka kidevuni ili asipatwe na baridi. Alikuwa amesikia gari fulani likisimama nje, akadhani ni mimi, akataka nimkute ameshaketi. Alikuwa amelala pale zaidi ya saa nzima.

Kaka, aliniomba msamaha. Yeye, aliyeko chini, ananiomba mimi msamaha kwa kunisumbua. Nilimbeba nikijizuia nisilie, halafu nikaenda kulia chooni kwake bomba likiwa wazi. Mfupa haukuvunjika, ila ubavu wote uligeuka rangi ya zambarau.

Ofisi ikaniita. Hawakunifokea, huku watu hawafoki, wanakuandikia tu. Wakasema nilete barua kutoka yadi inayothibitisha kwamba gari lilikuwa na hitilafu na kwamba imetengenezwa. Nikiileta kufikia Alhamisi ya tarehe tatu Julai, narudi kwa wazee wangu. Nisipoileta, kuchelewa ni kwangu mwenyewe, ni uzembe, na mteja ameumia.

Nikakimbia yadi. Bwana wa mapokezi, mwenye ndevu nyingi na sauti ya upole, akanigeuzia kompyuta nijionee. Mara tatu gari limeingia, mara tatu hakuna kosa lililoonekana, na chini ya kila moja imeandikwa kwamba mteja mwenyewe amesema gari linaendelea vizuri. Mimi? Nimesema lini? Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Akanisomea tarehe na saa.

Hapa unicheke kwanza ndipo unihurumie. Kila gari lilipotoka gereji, kesho yake binti mmoja alikuwa ananipigia simu. Habari ya asubuhi Zilpah, gari linaendeleaje? Sasa mimi niliyelelewa na Mama ningejibuje? Nzuri, asante, na wewe je? Kwetu hapo ni kubisha hodi tu. Hata mwenye matanga nyumbani hujibu njema kwanza, watu wakakaa, ndipo akasema linalomkera. Nilikuwa navuta pumzi nianze kumweleza, naye anasema vizuri sana, siku njema, simu imekatika. Mara zote tatu. Nilidhani ni msichana tu aliyekosa adabu. Kumbe alikuwa anaandika.

Nilimweleza yule bwana wa ndevu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anaelewa, lakini kilichoandikwa kimeandikwa. Nikatoka pale sijui nashika wapi.

Na hapo langoni kwao, Kaka, mbele ya ofisi yao, gari likakataa! Injini inanguruma, halisogei, magari ya wateja wengine yamepanga foleni nyuma yangu. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilipiga honi kama kwenye harusi. Akaja fundi mbio na kompyuta yake, Mkongo wa Bukavu anaitwa Destin, tulikuwa tumezoea kusalimiana kwa Kiswahili. Akaingia, akakanyaga, akaona. Akabadilisha gia, akakanyaga tena, akaona tena. Akachomeka kompyuta. Kompyuta ikasema hakuna kosa. Akaichomoa, akaichomeka upya. Hakuna kosa. Wakati bado anaitazama, gari likashika kwa kishindo na kuondoka.

Nikamwambia aniandikie basi alichoona, mistari miwili tu na jina lake. Akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na oili. Halafu akasema, "Dada, nimeona na macho yangu. Lakini siwezi andika kitu yenye mashini haijasema. Niko kwa majaribio mpaka mwezi wa tisa. Niko na watoto wane." Sikuweza kumchukia. Nilitaka sana kumchukia, ingenisaidia. Ningekuwa mimi nafikiri nami nisingeandika.

Alhamisi nilikwenda na karatasi niliyokuwa nayo, ile ya hakuna kosa. Msimamizi aliisoma, akaniuliza kama nina lingine la kusema. Nikasema gari lilikataa mbele ya fundi. Akauliza jina la fundi. Nikasema silijui. Hivyo ndivyo nilivyojimaliza, kakangu, na hata leo sijui kama nilifanya vizuri au nilifanya ujinga. Wamenitoa majumbani. Sasa nakunja mashuka kwenye chumba cha dobi cha makao ya wazee, natembea kwa miguu dakika ishirini kutoka hapa. Nimetia sahihi kwamba sitawasiliana tena na wateja wangu wa zamani. Wamebadilisha nambari ya siri ya kisanduku cha ufunguo kilichoko mlangoni kwa Mama Valmai, nilichokuwa nafungua kila asubuhi ili niingie.

Juzi Ijumaa sikuwa na zamu. Saa kumi na moja alfajiri macho yakafunguka yenyewe. Sijui kilichonituma. Nikavaa, nikashuka, nikawasha gari, likaondoka mara moja. Njia nzima halikusita hata kidogo, kila taa ikigeuka kijani linaitika nikigusa tu. Saa kumi na mbili na nusu kamili nilikuwa mbele ya nyumba yake. Nilitaka kuona tu kwamba kuna mtu amekuja, nigeuze nirudi.

Hakuna aliyekuja. Saa moja ikapita, pazia la chumbani limefungwa. Saa moja na nusu, bado. Nikashuka, nikapita bustanini kwa kunyata mpaka chini ya dirisha, nisikie tu kama anapumua. Nadhani nilikanyaga kitu. Akaita kutoka ndani, "Zilpah? Ni wewe?"

Sikujibu, Kaka. Ningejibu, angejaribu kuinuka. Nilichuchumaa pale chini ya dirisha, mkono mdomoni, naye akaita tena mara mbili, halafu akanyamaza. Nilikaa hivyo hivyo mpaka saa mbili na dakika kumi, nikasikia mlango na sauti ya msichana mgeni. Ndipo nikaondoka.

Basi ukipata wazo lolote jipya kuhusu ile giaboksi, tafadhali libaki huko kwako. Najua utaudhika, wewe uliyezoea kutokushindwa na gari. Lakini nikiambiwa leo ni waya gani, nitafanya nao nini?

Mama msomee mpaka pale kanisani, ukifika hapo kunja karatasi umwambie zimekwisha. Msalimie sana wifi Peninah, asiache dawa. Wasalimie Simiyu na Nekesa, waambie shangazi yao amezipokea zile picha za shule. Kamande wa posho mill naye usimsahau. Mungu ailinde mikono yako na mgongo wako, awape usingizi mzuri nyote mlioko chini ya paa la Mama, na anayewahitaji asichoke kuwangoja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Zilpah